Tuta Lisilo na Viazi

Saa kumi na mbili na nusu, Ipuli bado inapiga miayo,
nami nawasha kirikuu changu.
Kinakohoa mara mbili, ya tatu kinakubali.
Trei arobaini na moja za mayai ziko nyuma,
zimebanwa kwa kamba ya katani.
Ya arobaini na mbili imekosa nafasi,
imekaa mbele kama mgeni rasmi.
Nimeifunga mkanda.

Barabara yetu ilichorwa na mtu asiyeishi hapa.
Lami inakuja imenyooka kwa rula mpaka kona ya msikiti,
halafu rula ikachoka.
Mtaro una kina cha kaburi na hauna mfuniko,
nguzo ya umeme imesimama katikati ya njia ya waenda kwa miguu
kama bibi harusi aliyesahauliwa ukumbini,
na kibao cha PUNGUZA MWENDO
kimechimbiwa hatua saba baada ya tuta.
Unausoma ushauri ukiwa umeshaumia.

Nyuma yangu kuna Prado nyeupe.
Pii.
Napisha mbuzi wa watu.
Pii, pii.
Anawasha taa, anazima taa,
utadhani nimelala kitandani kwake.
Kaka, unakwenda wapi? Mji wenyewe huu
ukiufumbata unaenea kiganjani.
Ukinipita hapa nitakukuta pale kwenye reli
umesimama kama mimi,
mabehewa ya mizigo yakipita moja moja,
taratibu, kama ng'ombe waliokwisha kunywa.
Treni haijui cheo cha mtu.

Wahenga walisema haraka haina baraka.
Huyu baraka anazo tele, anachotafuta ni upenyo.
Anapita. Kushoto!
Bodaboda mwenye godoro mgongoni anatumbukia mtaroni
na godoro ndilo linalomwokoa.
Vumbi jekundu linaingia kwa dirisha langu
ambalo tangu nilinunue halijawahi kufunga lote.

Kwetu Uyui tuta ni kitu cha heshima.
Mama aliyainua kwa jembe la mkono, mvua za kwanza,
akachomeka marando,
tukala viazi, tukakausha michembe, tukala tena.
Aliyeona tuta alijua hapa pana chakula.
Haya ya mjini yanazaa nini?
Springi zilizokatika, na matusi.
Hili la mbele ya shule,
halina rangi, limevimba kama jipu,
linanila mayai matatu kila siku ya Mungu.
Piga hesabu ya mwezi. Mimi nilipiga, nikaacha.

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia fundi Mgalula,
anayelilaani pamoja nami akiwa chini ya gari.
Nililijenga mimi.
Si peke yangu. Mwaka juzi, Jumapili,
mtaa ulipochoka kuandika barua,
kirikuu hiki kilibeba kifusi safari nne, kwa mafuta yangu.
Mhandisi hatukuwa naye.
Tulikuwa na mabeleshi, na hasira,
na kiatu kimoja cha plastiki, cha bluu,
alichokiweka Kalunde juu ya ukuta wa shule
na hakukiondoa hata mwanawe aliporudi kutoka Kitete na gongo.
Ndiyo maana liko juu mno.
Kila aliyeshika beleshi aliongeza kidogo.

Kishindo nakisikia kabla sijafika.
Prado imelala upande, bampa lake linagusa ardhi,
mwenyewe ameinama anachungulia uvunguni,
suti yake ina rangi ya vumbi letu.
Nilikuwa nimemwandalia neno. Limenitoka.
Kwa sababu Nyamizi anavuka,
darasa la nne sasa, gongo kwapani, daftari mdomoni,
hatazami kulia wala kushoto,
anakwenda polepole
kama mwenye shamba anayekagua tuta lake.

Gia ya kwanza.
Gurudumu la mbele linapanda, linashuka.
Ndani ya mkanda wake mgeni rasmi anatoa sauti ndogo,
kach,
moja hilo.

Nyuma yangu, mwingine:
Pii.