Kidole cha Pete, Nyuzi Sita

Usiku wa tatu huu nakunja vidole visivyo vyangu.
Chumba kimoja, Mabatini; ukuta wa nyuma ni jiwe lenyewe,
waliojenga walichoka kulipasua, wakalihesabu kuwa ukuta.
Kompyuta inapumua joto juu ya meza ya plastiki.
Uniti za luku: nne nukta mbili.

Kwenye skrini amesimama mwanamke wa kijivu, hana nywele bado.
Ameagizwa aoneshe, kwa dakika mbili,
jinsi ya kutoa minofu bila kujikata.
Ni filamu ya mafunzo, ya kiwanda kule Igogo,
na nusu ya malipo nimekwisha kuila.
Uso ulinichukua asubuhi moja. Magoti, shingo, kisigino, sawa.
Ni mikono.

Kila kidole mifupa mitatu, kila mfupa mihimili mitatu,
na gumba lina tabia zake.
Nikilivuta ndani, linazama kiganjani kama kijiko kwenye uji.
Nikilirudisha nje, linasimama linaomba lifti.
Nikamkabidhi kisu: vidole vikapenya mpini,
vikatokea upande wa pili, safi, bila tone.
Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema.
Hivi kumi vyote haviwezi hata kumgusa.

Shangazi Ng'walu akaingia saa mbili na harufu yake ya sangara,
ile iliyowashinda limau na sabuni ya unga.
Akasimama nyuma yangu, mkoba bado begani.
Alitazama kwa muda.
"Huyu hajawahi kushika kitu."
Ndiyo maana namfundisha, shangazi.
"Na umeona aanzie kisu?"

Nikamwomba anishikie. Akachukua cha mkate,
na sikuona alivyokishika; kilikuwa tu kimefika.
Gumba halikukumbatia mpini kama nilivyodhani,
lililala juu ya mgongo wa chuma, likisikiliza.
Cha shahada kikatangulia kidogo.
Cha pete hakikukunjika.

Mkono huu umeniogesha. Umenichapa, mara mbili, kwa haki.
Umenisainia fomu za shule.
Sikuwahi kujua kwamba cha pete hakikunjiki.
"Mwaka ule mabondo yalipopanda bei," akasema,
kama mtu anayetaja mvua. "Mshipa ulikatika.
Wakashona ngozi tu."

Nikarudi kwenye mashine. Cha pete, nyuzi sita, basi;
kikabaki wima kati ya wenzake walioinama
kama mtoto asiyeijua sala.
Kisha kwa mazoea nikatafuta amri ya kuakisi,
kushoto kufanane na kulia, nikalale.

"Hapana. Wa kushoto ndio unaomjua samaki.
Wa kulia unajua kisu."
Akaukunjua: kiganja kimebonyea,
kimemshika samaki asiyekuwepo, pale penye mashavu,
na nilijua ni mzito, kwa jinsi bega lilivyoshuka.

Nikalinakili na bega.

Mteja atasema kidole kina kasoro. Atataka kikunjwe,
na nitakikunja, pesa yake nimeila.
Kwa hiyo nimehifadhi mafaili mawili:
moja la kiwanda, na moja nililoliandika ng'walu,
mashine ikakataa ile alama ya juu,
likawa ngwalu, jina la mtu mwingine.

"Na asubuhi," aliuliza akivua viatu, "mikono haimuumi?
Ukitoka chumba cha barafu?"
Bado, shangazi.
"Mm," akasema, akajifunika.

Sasa ni saa sita. Mkono wake uko nje ya shuka,
vinne vimelala, kimoja kinaonesha bati.
Uniti sifuri nukta tisa.
Wangu uko juu ya kipanya, umekakamaa, sijui tangu lini.
Naunyoosha. Naurudisha.
Gumba tena, kidogo, ndani.