Ripoti ya Novemba

Baba Mchungaji, shalom.
Fomu nimeipata. Ina visanduku vinne,
na cha kwanza kinauliza: waliookoka, wangapi?

Kabla sijajibu, niruhusu nikueleze milango.
Hapa Burnley imepangwa bega kwa bega kupanda kilima,
myekundu, myeusi, wa kijani mmoja,
na hakuna hata mmoja unaolijua neno hodi.
Unabonyeza kitufe. Jicho la kioo linakutazama.
Sauti inatoka ukutani, ya malaika aliyekatizwa usingizi:
"Hatuhitaji, asante."
Nami sijasema nimeleta nini.

Mvua ninaijua. Mtoto wa Tukuyu hatishwi na mvua.
Ila ya kwetu ina ugomvi: hupiga bati, husema yake, ikaondoka.
Ya huku hainyeshi, inakaa tu,
mgeni asiyejua kuaga.

Jumapili tulikuwa kumi na mmoja.
Kumi na wawili ukihesabu ndoo
iliyo chini ya paa bovu, karibu na mimbari,
ambayo peke yake iliitikia mahubiri yangu,
tone, tone, kila nilipovuta pumzi.
Nilisema Bwana asifiwe.
Wakatazama viatu vyao kwa upole.
Hawana ubaya. Baada ya ibada waligombania kunipa chai,
na Bwana Ormerod akanivalisha glavu za marehemu mkewe
bila neno,
kisha akageuka upesi kutafuta kofia
iliyokuwa kichwani mwake.

Jumatatu ni pipa la bluu. Jumatano la kahawia.
Nimekosea mara mbili; jirani ameniandikia kikaratasi.
Alhamisi tunagawa chakula ukumbini:
maharage ya kopo, tambi, sabuni.
Wanaokuja wana kazi, Baba.
Wana kazi na bado wana njaa.
Hilo sikufundishwa chuoni.

Usiku nasali nikiwa na koti mwilini,
maana umeme hapa hulipiwa kabla, na kadi imekauka.
Kuna usiku nasema Amina mapema
ili nikalale.
Liandikwe na hilo, kama lina kisanduku.

Sasa, Bi Doreen Entwistle, nyumba namba thelathini na saba.
Alinifungulia akidhani nimeleta dawa ya njiwa.
Mumewe alifuga njiwa wa mashindano;
yeye amekwenda, sita wamebaki, mmoja anaumwa.
"Wewe ni wa kanisa? Basi muombee huyu.
Mimi uniache."
Nikampokea. Moyo wake ulikuwa unakimbia kiganjani mwangu
kama cherehani.
Kiingereza kilinitoroka. Kiswahili nacho kikasita.
Nikaomba kwa Kinyakyusa,
lugha niliyoombewa nikiwa na surua.

Alikufa Jumanne.

Tulimzika bustanini ndani ya boksi la viatu,
mimi na koleo, yeye na mwavuli,
na mwavuli aliushika juu ya boksi, si juu yetu.
Hakulia. Aliuliza kama njiwa naye ana mahali pa kwenda.
Nikatafuta aya. Sikuipata.
Nikasema, sijui.
Akanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza.
"Angalau hudanganyi," akasema,
akaenda kuchemsha maji.

Kanisani hajaja. Amesema hatakuja,
na neno lake ni ukuta.
Ila juzi nilipofika na mkate,
kidole kikiwa karibu na kitufe,
nikaona mlango umerudishiwa tu, haukukomewa.
Nikasimama pale mvuani.
Nikasema kwa sauti, kama niko nyumbani: Hodi!
Jikoni ikajibu: "Ingia basi, unanijazia baridi!"

Kisanduku cha kwanza niliandika sifuri, nikaifuta.
Karatasi imechubuka kidogo hapo, utaniwia radhi.
Cha pili na cha tatu nitajaza kesho.
Cha nne kinauliza mahitaji:
soksi za sufu, jozi tatu.
Na tafadhali mtu amuulize mzee Kabumbe, mfuga njiwa,
njiwa akianza kutetemeka bawa la kushoto
hupewa nini.
Wamebaki watano.