Daftari la Barafu

Kazi yangu ni kufuta.
Kila saa naingia uwanjani na mashine inayonguruma,
inakwangua, inamwaga maji ya moto,
na nyuma yangu mikwaruzo inazibika,
barafu inang'aa kana kwamba hakuna aliyeanguka.
Miaka kumi na tisa nafuta,
hapa Iisalmi, ambako Januari jua huchelewa kazini
na kuondoka bila kuaga.

Wapo wasemao mtoto akililia wembe, mpe.
Wetu hawaulilii. Tunawafunga miguuni wakiwa na miaka minne,
nyembe mbili, wa kushoto na wa kulia,
na tunalipa ada.

Kocha Marketta aliweka mizani kando ya mashine ya soda.
Si ofisini. Hapo hapo,
wapitapo wacheza magongo na baba zao.
Alisoma uzito kwa sauti, kama dalali wa viazi:
"Vilja, arobaini na moja na nusu. Gunia limeongezeka."
Wenzake walicheka,
maana asiyecheka ndiye angefuata.

Chupa za maji alizifungia kabatini hadi mruko utoke sawa.
Na kifundo cha Vilja kilipovimba hata kiatu kikakataa mguu,
alikaza kamba mwenyewe, kwa goti,
akisema maumivu ni uvivu uliovaa koti.

Wazazi walikuwa juu, na chupa zao za kahawa.
Mwenyekiti wa klabu alikuwepo.
Medali kumi na moja zilikuwepo ukutani.
Nami nilikuwepo, juu ya mashine, nikisubiri zamu.
Funika kombe, mwanaharamu apite:
mimi hata kombe sikuhitaji,
nilikuwa na lita mia sita za maji.

Sijitetei. Ila nilikuwa na daftari.
Sheria inataka tarehe, nyuzi joto, unene wa barafu,
na mkono, bila kuniuliza, ukawa unaongeza pembeni:

Jumanne. Nyuzi tano chini ya sifuri. Mtoto analia nyuma ya ubao, saa kumi na mbili na robo.
Alhamisi. Nyuzi tano. Pampu inavuja. Chupa tena kabatini.
Jumatatu. Nyuzi nne. Damu, kona ya kaskazini. Nimefuta.

Neno hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi.

Bango lenye namba ya kuripoti lilikuwepo pia, korido ya nyuma,
limefunikwa na ratiba ya magongo
na tangazo la paka aliyepotea.
Nikampa paka ukuta mwingine.
Nikapiga.

Nilitarajia sauti ya askari. Alikuwa mwanamke mwenye mafua.
"Usiniambie unachofikiri," akasema. "Niambie ulichokiona."
Nikamsomea ukurasa kwa ukurasa, pamoja na pampu.
Hakuniharakisha. Alipiga chafya mara mbili.
Mwisho akauliza:
"Na mtoto, leo hii, ana nani wa kumsikiliza?"
Sikujua.
Miaka saba namwona kila siku, na sikujua.

Kocha amesimamishwa, uchunguzi unaendelea:
hayo ndiyo maneno, nami sina mengine.
Nusu ya wazazi hawanisalimu.
Baba mmoja aliniambia dukani, mbele ya friji ya samaki,
kwamba nimeua ndoto za watoto.
Na kuna karatasi, haina jina, ilipenyezwa chini ya mlango wangu:
Asante. Nami niliona.
Sijui niiweke wapi karatasi hiyo.

Aprili Vilja alikuja na shangazi yake
kutafuta glavu kwenye sanduku la vilivyosahauliwa.
Hakuitazama barafu.
Glavu ilikuwepo, ya kijani, imeshakuwa ndogo.
Akaivaa hivyo hivyo.
"Ilpo, ulikuwa unaandika nini kila siku kule juu?"

Nikampa daftari.
Alisoma akiwa amesimama, midomo ikichezacheza.
Penye neno "mtoto" akaomba kalamu,
akalikata,
akaandika jina lake.