Kidole Gumba

Mheshimiwa Rais,
saa nane na dakika kumi na tatu usiku
nilikuwa nimelala ndani ya lori, viatu nimevua,
wa tatu kwenye foleni ya daraja,
na nyuma ya kisogo changu tani kumi na nane za pichi
zikipumua baridi ya mashine.
Wewe hukuwa umelala.

Najaribu kukuona:
kitandani, labda, mto umeukunja mgongoni,
au kule chooni, tunakokaa sote bila walinzi,
mwanga wa simu umekupaka uso samawati.
Ng'ambo ya Danubi mtu alikuwa amekuudhi.
Ukaandika maneno sita:
*Majirani wezi. Daraja tulilijenga la nini?*
Ukabonyeza. Ukazima taa.

Alfajiri kizuizi cha upande wao hakikunyanyuka.
Hakuna aliyepiga kelele.
Askari mmoja alitoka, akafunga kibao cha plastiki kwa waya,
akarudi ndani kunywa kahawa.
Nyuma yangu magari yakafika kilomita moja,
kisha nne,
kisha tukaacha kuhesabu.

Ulimi hauna mfupa, ndiyo maana tunausamehe.
Kidole gumba kina mifupa miwili, Mheshimiwa.
Nimeipapasa yangu hapa kwenye usukani.

Sikwambii unyamaze.
Baba yangu alizeeka chini ya wakubwa walionyamaza;
walisema mara moja kwa mwaka, kwa karatasi iliyopigwa chapa,
na mtaa mzima ukajifunza kutafsiri kikohozi.
Afadhali kelele, nilikuwa nikisema.
Afadhali mtu ajulikane amekasirika.

Wala mimi si malaika.
Miaka saba iliyopita, saa kama hiyohiyo, rakia kichwani,
nilimwandikia kaka yangu Ognyan juu ya shamba la marehemu.
Asubuhi nilifuta. Alikuwa ameshasoma.
Mpaka leo mama hupika sikukuu mara mbili,
siku mbili tofauti, sufuria ileile.
Lakini hasira yangu ilifunga mlango mmoja.
Yako ina foleni.

Saa mbili Smaranda wa forodha alikuja kwa miguu
hadi katikati ya daraja. Miaka kumi na moja ananigongea muhuri.
"Kwetu limeshatafsiriwa," akasema,
"na likitafsiriwa huzidi. Wezi wenu, kwa lugha yetu,
huanzia kwa mama."
Tukacheka kidogo. Kisha tukaacha.
Nilimpa pichi mbili.
Akatazama juu, kwenye kamera,
akaziacha mkononi mwangu.

Saa tatu ulifuta.
Redio ikasema umefuta, kwa sauti ya mtu aliyepona homa.
Lakini kibao cha plastiki hakina kitufe.
Saa sita mafuta ya mashine yaliisha.
Saa nane maji ya pichi yakaanza kudondoka kwenye lami,
na nyigu, wasiofuata siasa, wakaja.

Ungengoja tu.
Sisemi kamati, sisemi mshauri mwenye tai.
Ungengoja maji ya chai yachemke.
Ungeinuka kufunga dirisha.
Ungeandika nyuma ya risiti, ukaikuta asubuhi kando ya miwani,
ukaona kama bado inafanana nawe.

Saa kumi jioni umeweka picha ya mbwa wako.
Amelala kwenye zulia, sikio moja limesimama.
Watu laki mbili wamempenda.
Nami nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya lori,
mikono inanata sukari,
nikipanga kukuandikia haya yote kwa utaratibu, kwa heshima,
jina langu kamili chini: Zdravko Penchev, dereva.
Nikaangalia kioo.
Moyo mwekundu ulikuwa umeshawaka.
Kidole kilikuwa kimetangulia.