Kupanga, Kupangua

Nilipanga nyumba Kaptembwa, vyumba viwili,
nikapanga vitanda, nikapanga sufuria kwa ukubwa,
nikapanga na mwaka mzima,
nikautia sahihi kwa kalamu ya Mosoti
iliyokuwa ikiishiwa wino.
Ikabidi niandike jina mara mbili.

Mwezi wa saba simu ikalia kutoka Chavakali:
mama ameteleza bafuni, nyonga imevunjika.
Niliusoma mkataba usiku huo, mita ya stima ikililia tokeni.
Kuna kifungu cha mbwa,
kifungu cha jiko la makaa, cha wageni wa kulala.
Cha nyonga hamna.

Jumamosi Mosoti akaja na daftari la shule,
akapita akigonga kuta
kama daktari anayegonga kifua.
"Rangi." Elfu nne na mia tano.
"Kitasa." Mia nane.
"Notisi ambayo hukutoa." Elfu tisa na mia tano,
na hapo hata yeye alikohoa.
Kisha akafika kwenye ufa.

Ufa niliukuta. Ulikuwa uzi nilipoingia,
mvua ya Aprili ikaufanya kidole.
Nakuru hii ardhi yenyewe hupasuka,
watu wakaamka kujaza barabara mawe.
Bonde la Ufa, jina tunalo tayari,
na hakuna anayelikata Bonde amana yake.
"Usipoziba ufa..." Mosoti akaanza.
Najua, nikamwambia,
ila methali haisemi ukuta ni wa nani.
Elfu tatu.

Amana: kitu unachomwachia mtu akutunzie.
Nilimwachia Mama Wangeci elfu kumi na tisa.
Zimerudi elfu moja na mia mbili,
kwa simu, nazo zinangoja kukatwa za kutolea.
Pikapu hadi Chavakali ni elfu tisa.

Hakuandika sukuma wiki ya kwenye gunia,
ambayo ndiyo kwanza imeanza kuchumika.
Hakuandika kwamba kupitia ufa huohuo
nilimsikia Chelagat wa nyumba ya pili akimbembeleza mwanawe,
nami nikalala.
Godoro alilibeba mwenyewe, ngazi zote tatu,
na hilo pia hakuliandika.

Sasa namgeuza mama ubavu, taratibu,
nikifikiria ile karatasi kwenye kabati la Wangeci:
miezi mitano imebaki ndani yake,
imepangwa, imelipiwa,
na sijui ni nani anayeikaa.