Dakika Mbili

Mdahalo ulitukuta kwa Odondi kinyozi, Obunga,
maana runinga yake ni pana kuliko mlango wake
na hadi leo hatujui iliingia vipi.
Mimi nilikuja na harufu yangu ya mafuta,
mchana kutwa nimekaanga mgongo wazi.
Watu wakasogea. Nikapata kiti.

Wagombea watatu, vizimba vinne.
Cha nne kilisimama peke yake
na bilauri ya maji juu yake, imefunikwa kikaratasi.
Mwenyewe hakuja, ati ana kazi.
Nasi tulikuwa na kazi. Tulikuja.

Wa kwanza aliongea asilimia.
Wa pili akamjibu kwa asilimia nyingine,
zikapigana hewani kama kunguru na mwewe
juu ya beseni langu pale kibandani,
nami katika vita hivyo huangalia beseni.
Wa tatu alimtaja babake, akamtaja Mungu,
akamtaja babake tena.
Ndipo yule binti mwenye miwani, mwulizaji,
akauliza kwa upole, kama anayeuliza njia:
"Mheshimiwa, pakiti ya unga leo ni pesa ngapi?"

Chumba kikanyamaza. Mashine ya Odondi ikasimama
katikati ya kichwa cha Namasaka.
Yule wa kwanza alitabasamu. Akameza mate.
Akatazama juu, kule malaika huandika bei,
akafungua kinywa

stima ikapotea.
Tokeni.

Tulicheka hadi tukakohoa.
"Nani alikuwa anashinda?" mtu akauliza gizani.
Mimi nilikuwa nawaza yale maji.
Bilauri nzima, baridi, haina wa kuinywa,
na huku kwetu mtungi hupanda bei kila bomba linapokauka.
Ningekuwa pale ningevuka jukwaa nikayanywa,
nikasema asante, nikaenda zangu.

"Mama Awuor, nawe simama tukusikie," Odondi akasema.
"Una dakika mbili."
Namasaka akawasha simu yake,
mwanga ukamulika upande ulionyolewa
na upande uliokuwa bado na msitu wake,
saa ikaanza.

Nikasimama nyuma ya kiti cha wateja,
nikakishika kwa mikono miwili, kama wanavyoshika wao.
Nikasema:
Minofu hupanda ndege, sisi huuziwa mifupa.
Sawa. Mifupa ina utamu wake,
nimesomesha nayo watoto watatu.
Lakini ndoo langoni kwa kiwanda ilikuwa mia mbili,
sasa ni mia tano, na samaki hajaongeza mfupa.
Mtaro ulio nyuma ya choo cha kina Akumu uzibuliwe
kabla ya mvua, si baada.
Kuni.
Nikatafuta neno jingine.
La ukoo sikutaka kulitaja,
la Mungu analijua mwenyewe.
Nikanyamaza.

"Sekunde arobaini na saba," Namasaka akatangaza.
"Umebakisha zaidi ya dakika nzima."
Nikamwambia aiweke,
huenda yule wa kizimba kitupu akaja kuidai.

Jibu la unga hatukulisikia.
Asubuhi, langoni kwa kiwanda, tukipanga ndoo zetu,
mmoja alisema alipatia,
mwingine kwamba alikosea kwa shilingi arobaini,
mwingine akaapa swali lile lilipangwa na wabaya wake.
Mizani ikafunguliwa, tukaacha.

Kitambulisho changu kimo kwenye kopo la majani ya chai,
chini kabisa, pamoja na risiti za mazishi ya mume wangu.
Kitatoka siku yake.
Nitakayempa simjui bado.
Nitakaowanyima nawajua, wawili.

Namasaka alikwenda kazini na kofia.
Kufika saa nne jua likamshinda, akaivua,
Kibuye nzima ikaacha kupima nyanya ikamtazama.
Jioni alipita kwangu kununua samaki, kofia mkononi.
"Kura ni siri, mama," aliniambia,
"lakini hii? Mwambie Odondi anunue tokeni."