Blanketi la Kijivu

Barua ya shule ilisema: blanketi moja,
la kijivu, lisilo na maua wala mistari.
Niliisoma nikikoroga uji.
Niliporudia kuisoma, uji ulikuwa umeshapanda na kumwagika.

Na mimi miezi saba nashona mfarishi.
Wifi yangu Ndinda hachoki kuniambia,
"Si ungenunua tu?"
Ningenunua. Lakini duka gani linauza
shati la ulinzi la Muasya, lililochanika kwapani,
nepi ya kwanza ya Kyalo,
pazia tuliloliokoa siku gesi ilipotaka kutuunguza?

Sikushona mfululizo.
Katika nyumba hii nani anao mfululizo?
Kipande maharagwe yakitokota,
kipande nikingoja mtungi ujae usiku wa Ijumaa,
maji ya Kariobangi yakija kama mdeni,
kwa kuvizia, na si yote.
Safu nzima niliikata nikimfundisha Kyalo kuzidisha:
saba mara nane, nikasema, hamsini na nne.
Akacheka mtoto. Hamsini na sita, mama.
Makasi yalikuwa yameshapita.
Ndiyo maana kule pembeni
kuna miraba miwili ya gunia la unga.

Mchana Muasya analala, ametoka zamu Eneo la Viwanda,
basi nashona kwa mkono, kimya kama mwizi.
Usiku akiondoka nafunua cherehani,
na ukuta unagongwa: "Mama Syombua!
Hilo treni lako linafika saa ngapi?"
"Likifika Machakos nitakuamsha," nasema, nakanyaga.
Stima ikikatika nusu nalaani,
nusu namshukuru aliyeikata.

Kanga ya marehemu mama niliiacha mwisho.
Niliizunguka kama unavyolizunguka deni.
Nilipoikata, maneno yake yakaachana:
*Dunia* huku, *taratibu* kule,
nikayashona mbalimbali, pembe na pembe,
kama ndugu waliogombania shamba.

Halafu barua. La kijivu.

Nilikaa kitandani mfarishi umenilalia magotini.
Syombua alikuwa anahesabu soksi, anaimba,
hajui, na sikutaka ajue.
Kesho yake nikashuka Gikomba,
nikabishana na kijana mmoja mpaka akachoka na mimi,
nikarudi na blanketi la mia nane,
kijivu, kijivu kabisa, kama Nairobi ya Julai.

Nikalilaza juu ya mfarishi.
Nikapitisha uzi wa kijivu, safu kwa safu,
usiku mbili, vidole vikiwa vimevimba,
vyombo vikinitazama kutoka kwenye karai.
Juu, matroni ataona sheria.
Chini, atalala na sisi.
Na nililipokunja kulitia sandukuni
pembe ikaifuata pembe, na nikaona
*Dunia* imekwenda kumlalia *taratibu*.
Sikupanga hilo. Wallahi sikupanga.

"Mbona zito hivi?" akauliza Syombua getini.
"Baridi ya huko ni kali. Nenda."

Jumapili nikatafuta sindano yangu kubwa.
Nikapekua kochi. Nikapekua kopo la vifungo,
viatu vya Kyalo, mfuko wa Muasya akiwa ndani ya suruali.
Kisha nikakaa chini, moto ukanipanda shingoni.

Nikampigia matroni.
Samahani, mwalimu, ni mama yake Syombua, yule mgeni.
Blanketi lake, ndiyo, la kijivu, kama mlivyoagiza.
Kuna sindano humo. Sijui upande gani.
Tafadhali mwite alipapase polepole,
na mwambie,
nikameza mate,
mwambie aligeuze.

Nikasikia jina lake likiitwa bwenini,
ndara zikija,
kisha kimya, kirefu,
na salio langu likienda.